Kumi na Sita Kutoa Nne

Mama mdogo wangu huvaa sweta mwaka mzima. Wenzake kazini walimwita Mama Baridi, na jina likamganda mpaka nyumbani, hata Bibi, mama yake mzazi, humwita hivyo siku za utani. Chumba anachofanyia kazi hupozwa saa zote. Ukifungua mlango unapigwa na upepo wa jokofu, halafu unazibwa masikio na feni nyingi zinazovuma kwa sauti moja, kama nyuki waliokubaliana. Kwenye kituo chao cha utafiti wa ngano kuna ofisi zenye mazulia na ofisi zenye madirisha mapana. Chumba chake hakina dirisha. Watu wa ghorofa ya juu walizoea kushuka na chupa zao za soda, wakimwomba awapozee nyuma ya mashine. Naye aliwajibu kwamba mashine zile hutema moto kwa nyuma, kwa hiyo wanaotaka chai ndio waje.

Aliingia hapo akiwa mpiga chapa. Walikuwa wanne, wakikaa kwenye meza nne zilizopangwa kama darasa, na kazi yao ilikuwa kupiga chapa ripoti za wanasayansi ambao mwandiko wao ulifanana na nyayo za kuku. Taipureta zilipoondolewa, watatu waliandikiwa barua za kwaheri. Yeye alibaki kwa sababu moja tu. Siku kompyuta za kwanza zilipoletwa, wenzake waliuliza nani atawafundisha, yeye akauliza kitabu cha maelekezo kiko wapi. Kilikuwa kinene kama tofali. Alikisoma mwaka mzima wakati wa chakula cha mchana, akitumia kisu cha siagi kama alama ya ukurasa. Cheti cha ufundi alikuja kukipata akiwa na miaka arobaini na mbili, darasani na vijana waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi kabla ya kuazima kalamu yake.

Ninayasema haya kwa sababu baadaye kuna watu walisema hakuwa na elimu ya kutosha. Mimi nimetoka chuoni juzi, nina karatasi yenye muhuri wa dhahabu, na sijawahi kuona mtu anayeijua kazi yake kama mama huyu.

Mashine zililetwa zikiwa zimeshatumika kwingine, kumi na sita, zimefungwa kwenye maboksi. Kila moja ilikuwa pana na bapa kama sinia la kuokea. Zilipangwa kwenye makabati mawili ya chuma, nane huku na nane huku. Vitabu vya fani huziita nodi. Yeye aliziita mashine, na zote kwa pamoja aliziita Ghala.

Ghala lilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja zaidi ya wengine. Kituoni alikuwepo mtafiti tuliyemjua kwa jina la Daktari wa Majani. Watani wake walisema ni daktari pekee ambaye wagonjwa wake wote hufa na hakuna anayemshitaki. Kazi yake ilikuwa kutafuta mbegu ya ngano inayostahimili kutu, ule ugonjwa unaotia jani madoa mekundu madogo kama ncha za pini, ukaenea, na shamba zima likageuka rangi ya bati kuukuu. Kila msimu alipanda mistari mia kadhaa ya mbegu tofauti, na kila wiki alipita akiyapiga picha majani yake, jani moja moja, kwenye ubao mweupe wenye rula pembeni. Misimu kumi na mmoja. Majani elfu tisini. Alitaka kompyuta iyatazame yote kwa mpigo, msimu wa ukame na wa mvua, mwaka wa kutu kali na mwaka wa kutu hafifu, imwambie ni mstari upi ulivumilia mara zote na upi ulibahatisha tu. Jicho la mtu haliwezi hesabu hiyo. Na kufikia mwaka jana alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili astaafu.

Sasa, mashine moja ukiipa majani elfu tisini iyalinganishe, utasubiri miezi. Kumi na sita zikigawana kazi, ni siku chache. Lakini picha zenyewe zikae wapi? Ukiziweka zote kwenye diski ya mashine moja, zile kumi na tano zitapanga foleni mlangoni kwake, na haraka yote inaishia hapo. Kwa hiyo mama mdogo alizifunga pamoja kwa programu inayozifanya diski zote ziwe ghala moja. Picha ikiingia, inakatwa vipande. Kipande cha kwanza kinakwenda kwa mashine ya kwanza, cha pili kwa ya pili, mpaka ya kumi na sita, halafu zamu inarudi mwanzo. Ikihitajika, mashine zote zinatoa vipande vyao kwa mkupuo mmoja na picha inaungwa kabla hujapepesa jicho.

Wageni wakimwuliza, aliwaambia wafikirie kitabu kilichofumuliwa uzi, kurasa zake zikawekwa kwa majirani kumi na sita. Ukitaka kusoma, unapaza sauti ukutani na kila jirani anakurushia kurasa zake. Kitabu kinasomeka haraka kuliko kingekuwa kwa mtu mmoja. Ila jirani akihama, anahama na kurasa.

Kuna jambo moja linalompotosha kila asiyelijua Ghala. Ukikaa kwenye mashine yoyote kati ya hizo kumi na sita, unaona mafaili yote, na majina yake yote, kana kwamba yamo humo humo. Ukihamia ya pili, unayaona tena. Ya tatu, hivyo hivyo. Mtu wa kawaida ataapa kwamba kila mashine inacho kila kitu.

Yeye hakuwa mzembe. Aliliwekea Ghala hesabu ya ziada, ili mashine moja ikifa, kumi na tano zilizobaki ziweze kukokotoa vipande vyake na kuvirudisha. Moja tu. Zikifa mbili kwa pamoja, basi. Ndiyo maana miaka mitatu mfululizo aliandika barua kuomba diski za nje za kuweka nakala ya akiba, zikae kwenye jengo lingine, zisiguswe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba imepokelewa. Katika ya tatu alijitahidi kueleza kwa nini anaomba, akaandika sentensi ambayo naijua kwa moyo kama nambari ya simu ya nyumbani:

"Data za Kituo zimegawiwa mashine zote kumi na sita, hivyo usalama wake unategemea mashine zote."

Jibu lilirudi baada ya wiki tano, mistari miwili na muhuri. Kwa kuwa data zimegawiwa mashine zote, ombi la nakala nyingine halina ulazima kwa sasa.

Aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye faili. Alidhani ni ubahili. Kumbe ni sarufi. Neno lilikuwa limeondoka mezani kwake likiwa na maana moja na kufika ghorofa ya juu likiwa na nyingine, na hakuna aliyejua, si yeye wala wao.

Mwezi wa tano mwaka jana, Bibi alipangiwa kutolewa mtoto wa jicho. Mama mdogo akaomba ruhusa ya siku mbili, Alhamisi na Ijumaa. Alikagua mashine zote kumi na sita, taa zote za kijani, akafunga mlango na kumkabidhi ufunguo katibu muhtasi wa Mkurugenzi, kama utaratibu unavyotaka. Siku zile mbili alizimaliza kwenye benchi la wodi, akimsimulia Bibi kila aliyepita mlangoni amevaa nini, kwa sababu Bibi alikuwa amefungwa bandeji na hapendi kupitwa.

Ijumaa hiyo asubuhi, Mkurugenzi alikuwa na shida yake. Chumba cha mafunzo kwenye jengo jipya kilikuwa kinazinduliwa Alhamisi inayofuata. Meza zilikuwepo, skrini zilikuwepo, mazulia yalikuwepo, kompyuta zilikuwa zimekwama njiani zinakotoka. Wageni walishaalikwa. Akakumbuka kwamba chini kuna mashine kumi na sita zenye kila kitu kila moja. Akaagiza zichukuliwe nne. Sidhani kama alifikiri zaidi ya dakika tano, na ndilo jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kuvunja kitu. Mtu mmoja anaweza kukaa misimu kumi na mmoja juani na ubao mweupe, mwingine akaimaliza yote kabla chai haijapoa, na sheria ikawa upande wa mwenye chai.

Wapagazi wawili walifungua mlango kwa ufunguo halali, wakachomoa waya kama unavyochomoa pasi, wakabeba. Ghala halikunyamaza. Siku hiyo lilimwandikia mlinzi wake barua pepe mia mbili na kumi, kila moja ikisema sioni mwenzangu. Zote zilifika kwenye kompyuta ya mezani kwake, ambayo ilikuwa imezimwa kuokoa umeme, kama tangazo la ukutani linavyoagiza.

Jumatatu saa mbili kasoro alifungua mlango, na kabla ya kuona kitu alisikia. Aliniambia sauti ilikuwa nyembamba. Halafu akaona makabati: kila moja lilikuwa na mapengo mawili, kama mtoto aliyeng'oka meno. Alikaa kwenye kiti, akawasha kompyuta, akaomba orodha ya picha za Daktari. Majina yote yalikuwepo. Msimu wa kwanza hadi wa kumi na moja, mstari kwa mstari, jani kwa jani. Akafungua moja. Skrini ikamwambia haiwezi kusoma. Akafungua ya pili. Haiwezi kusoma. Alifungua thelathini na kitu, akirukaruka misimu, jinsi mtu anavyopekua mfuko uleule mara ya kumi akitafuta ufunguo.

Katibu muhtasi alimwambia kwenye simu mashine ziko wapi. Basi akatoka mbio.

Kutoka jengo la zamani hadi jipya kuna uwanja wa kokoto wa kama mita mia mbili. Watu waliokuwa wakiingia kazini walimwona mwanamke wa miaka hamsini na mmoja akikimbia na sweta lake kwenye jua kali, wakacheka, na mmoja akamwuliza kama jokofu limeshika moto. Yeye hakupunguza mwendo. Alikuwa akihesabu. Kumi na sita kutoa nne ni kumi na mbili. Zinatakiwa kumi na tano. Kwa hiyo akiokoa tatu kati ya zile nne, hata kama ya nne imekufa, picha zote zitarudi. Tatu. Alivuka uwanja mzima akisema tatu.

Fundi wa jengo jipya aliitwa Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Alimkuta amepiga magoti chini ya meza akifunga nyaya, redio ndogo ikiimba pembeni. Mashine mbili alikuwa amezifuta na kuzipanga upya Jumamosi. Ya tatu aliimaliza Jumamosi hiyohiyo jioni, kisha akaenda zake. Ya nne alikuwa ameianza asubuhi hiyo, na kwenye skrini yake kulikuwa na mstari wa bluu unaojaa taratibu, na kando yake imeandikwa sitini na moja kwa mia.

"Zima," mama mdogo alimwambia.

"Shikamoo kwanza, Mama Baridi. Nikizima katikati itaharibika."

"Imeshaharibika. Zima, baba, nakuomba."

Kofia akamtazama usoni, akazima. Hakuuliza nani atamjibia kwa Mkurugenzi. Alizima tu, na nitamheshimu kwa hilo. Mama mdogo alibaki amesimama na mkono juu ya mashine, anahesabu upya ingawa hesabu ilikuwa imekwisha. Tatu zimefutwa. Ya nne ina nusu isiyofika nusu. Hata ingekuwa nzima, kumi na mbili na moja ni kumi na tatu.

Kofia akamsaidia kuibeba kuirudisha. Walivuka tena ule uwanja, polepole safari hii, mmoja kila upande, kama watu wanaopeleka meza kwenye harusi. Akaifunga mahali pake, akaiwasha. Taa ikawa nyekundu.

Mkurugenzi alimpokea saa nne. Si mtu wa kelele. Angekuwa mtu wa kelele pengine ingekuwa rahisi kumchukia. Alimwambia aketi, akamuuliza hali ya mama yake, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua faili, akatoa ile barua ya tatu na kuigeuza imwelekee yeye.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Hebu nisomee pale nilipopiga mstari."

Akasoma. Data za Kituo zimegawiwa mashine zote kumi na sita.

"Mimi nikigawa miavuli kwa watu kumi na sita," Mkurugenzi akasema, "kila mmoja anatoka na nini?"

"Na mwavuli."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi, mama. Nami ndivyo nilivyoelewa."

Mama mdogo alitazama barua. Aliniambia kwamba pale ndipo alipoliona neno kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameliandika mwenyewe. Alikuwa na maana ya kugawanywa, kukatwa sehemu sehemu. Mkono ukaandika kugawiwa. Silabi moja hivi, na hata hiyo si kosa kabisa, ndiyo maana hakuna mhariri ambaye angeisahihisha.

"Na ukiwagawia mkate, Mkurugenzi?" akauliza.

Yule bwana aliitazama barua tena. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hukuandika mkate," akasema.

Akaongeza kwamba amesikitika sana, kwamba hakuna anayemlaumu mtu, na kwamba alete barua ya kujieleza kabla ya Ijumaa. Pia mashine ya nne irudishwe jengo jipya kabla ya Alhamisi, kwa kuwa huku sasa haina kazi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Mama mdogo alikaa akitafuta kosa katika sentensi ile na hakuliona.

Nilipopata habari nilimwambia tuipeleke kwenye magazeti. Nilimwambia maarifa ni mali ya wote, kwamba kuna wakulima ambao mbegu hiyo ni yao kabla hata haijazaliwa, kwamba mtu hawezi kuzima miaka kumi na mmoja kwa ajili ya mkasi na utepe akaendelea kuitwa mheshimiwa. Niliongea nimesimama. Yeye alikuwa akimenya viazi. Aliniacha nimalize, kisha akauliza gazeti litarudisha kipande gani. Nikachukua kisu nikamsaidia kumenya.

Lakini Jumatatu ile kazi ilikuwa haijaisha, kwa maana kulikuwa na mtu mmoja ambaye hajui.

Daktari wa Majani alikuwa kwenye banda la nailoni nyuma ya Kituo, akimwagilia miche kwa kopo lenye matundu. Mama mdogo alisimama mlangoni. Alinisimulia kwamba alimwambia yote kwa mara moja, kama mtu anayemwaga ndoo: Ijumaa, nne, kumi na mbili, vipande. Daktari aliendelea kumwagilia mpaka kopo likaisha, labda kwa sababu miche haikuwa na kosa. Kisha akauliza kama ni msimu huu uliopotea.

"Yote, Daktari. Kila jani lina vipande kwa kila mashine. Hakuna lililosalimika."

"Kila jani?"

"Kila jani lina tundu."

Akafikiri kwa sauti. Kadi za kamera zilikuwa mbili tu, zinafutwa kila wiki kupisha picha mpya. Kompyuta yake ya begani ilijaa msimu wa tatu, akazifuta picha zake zote baada ya kuzihamishia Ghalani. Madaftari ya shambani yapo, lakini humo aliandika makadirio ya jicho, na jicho ndilo alilotaka kulisahihisha. Nyumbani hakuweka chochote. Kwa nini aweke nyumbani, wakati Ghala lipo na mlinzi wake anamjua?

"Majani ya msimu uliopita hayapigwi picha tena, dada," akasema. "Yalishakuwa mbolea." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Msimu mmoja ninao. Unanitosha kuanza. Haunitoshi kumaliza."

Mama mdogo angefurahi kutukanwa. Alisubiri atukanwe. Badala yake Daktari alimwuliza jicho la mama yake linaendeleaje.

Alirudi chumbani akaanza kutafuta, na hapo akagundua jambo ambalo hadi leo hajui kama alilipata au lilimpata. Ghala hukata kila faili linalozidi ukubwa fulani. Lililo dogo kuliko kipande kimoja halikatwi, linawekwa zima kwa mashine mojawapo. Na kamera ya Daktari, kila ilipopiga picha, ilitengeneza pia picha ndogo ya kutambulishia, ya ukubwa wa stempu, ambayo hakuna aliyewahi kuifungua kwa sababu haikuwa na kazi. Hizo hazikuwa zimekatwa. Zile zilizokaa kwenye mashine nne zilikwenda. Zilizokaa kwenye kumi na mbili zilikuwepo. Elfu sitini na saba na ushei.

Akafungua ya kwanza. Jani la kijani juu ya ubao mweupe, dogo kama ukucha. Akaikuza. Jani likageuka miraba ya rangi, kijani, kijani zaidi, kijivu. Doa la kutu ni ncha ya pini. Katika stempu halipo. Halikufifia wala kujificha, kamera yenyewe ililitupa wakati wa kuipunguza picha. Alilijua hilo kabla hajakuza.

Alimwambia Daktari zipo. Nimejiuliza mara nyingi kama alipaswa kumwambia. Yeye anasema si kazi yake kuchagua mtu ajue nini.

Barua ya kujieleza aliiandika mara nne, na tuliiandika pamoja mezani kwa Bibi, ambaye sasa alikuwa anaona na akataka kusomewa kila rasimu kwa sababu, alisema, miwani mpya bado haijafika. Kugawiwa tulilikimbia kama ukoma. Kugawanywa Bibi akasema ni lilelile limevaa kanzu. Kusambazwa ndilo baya zaidi, hata tangazo husambazwa na kila mtu akalisoma lote. Mwishowe mama mdogo akaandika "zilikatwa vipande vipande". Katibu muhtasi aliirudisha Ijumaa hiyohiyo. Alieleza kwa upole kwamba ukisema data zilikatwa, inasomeka kana kwamba kuna mtu alizikata kwa makusudi, na swali litakuwa nani. Akashauri lirudi lile neno la kwanza, kwa kuwa limeshazoeleka kwenye faili.

Chumba cha mafunzo kilizinduliwa. Mashine nne zilikuwa mezani, zimefunikwa vitambaa. Kofia aliniambia wageni walipiga picha nazo na hakuna aliyeziwasha.

Ghala linaendelea na mashine kumi na mbili. Hakuna barua iliyosema lizimwe, na hakuna iliyosema liendelee, kwa hiyo mama mdogo hufungua mlango kila asubuhi, hukagua taa, huandika joto la chumba kwenye daftari. Mapengo manne ameyaziba kwa makaratasi magumu ili upepo usipotee.

Na Daktari wa Majani huja. Ana shamba lake la msimu wa mwisho, huenda huko asubuhi, na saa tano hushuka kwenye baridi amevaa koti la mvua, akiwa na kioo cha kukuzia. Alimwomba achape zile picha ndogo, arobaini kwa karatasi moja, naye akachapa. Anazipitia kwa mstari na msimu, kalamu nyekundu mkononi, akiandika pembeni namba anazozikumbuka au anazodhani anazikumbuka. Amefika msimu wa pili. Siku nyingine husimulia: huu mstari ulikuwa karibu na mfereji, huu mbuzi walikula nusu. Mama mdogo humsikiliza huku akifanya kazi zake, ambazo hazipo.

Juzi nilikuwa nimempelekea chakula. Daktari aliinua karatasi moja kwenye taa, akaisogeza, akaisogeza tena, kisha akamwita.

"Dada, hebu njoo, una macho mazuri. Hili hapa, pembeni ya jani. Ni kutu au ni wino?"

Mama mdogo alichukua kioo. Ameshika mashine hizi miaka kumi na minne, anajua kila nukta inatoka wapi, na alijua wino wa printa yake unavyodondoka. Aliinama akatazama muda mrefu sana, mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi zake. Akakifuta kwa mkono wa sweta, akatazama tena.

"Sijui, Daktari," akasema.

"Nami sijui," Daktari akajibu. Akaweka alama ya kuuliza pembeni kwa ile kalamu nyekundu, akasogeza kioo kwenye jani linalofuata.